Mtungi Unaong'aa Ndani

24 Machi

Bi Habiba amenipa ruhusa ya kuandika. Yeye ndiye anayenisimamia eda, na hana mchezo. Nilimuuliza kama mwenye eda anakatazwa kalamu. Alifikiri huku anatafuna karafuu yake, akasema kalamu si pambo wala si manukato, basi niandike, ila nisimwandikie mwanamume. Nimemwahidi. Nitajiandikia mwenyewe, maana nikizidi kuhesabu misumari ya bati nitarukwa na akili kabla mvua haijakatika.

Naitwa Nasra, nafundisha kemia sekondari hapa Kibiti. Mume wangu, Abdurahmani, alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, akirudi kutoka Ikwiriri kununua boliti. Idd imenikuta nimekaa mkekani, nguo nyeupe, kioo cha kabati kimegeuziwa ukutani. Nitakaa hivi miezi minne na siku kumi. Chumba kina dirisha moja. Dirishani naliona jiko la mama mkwe wangu, Mwanamkuu, na nyuma ya jiko karakana ya Feisal, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea. Mama alikuwa na watoto wawili. Sasa amebaki na Feisal.

25 Machi

Mvua. Uji wa mchele asubuhi, uji wa mchele jioni.

27 Machi

Feisal amekuja mlangoni. Shemeji si maharimu wangu, kwa hiyo tunazungumza pazia likiwa katikati. Alikalia mbuzi ya kukunia nazi, nikaisikia inalia chini ya uzito wake.

"Shemeji, nataka niuwashe mtungi. Watu wa Salale hawalali, kila siku wananipigia."

"Kaka yako hata udongo haujakauka, Feisal."

"Masika hii hautakauka, shemeji."



Mtungi tuliutengeneza sisi watatu. Mwili wake ni jeki ya tipa bovu, ile silinda nene ya kunyanyulia bodi. Feisal aliichomelea kitako, akaiwekea kifuniko cha boliti, geji, na valvu ya kupumulia. Kemia ilikuwa yangu. Ukaidi wa kujaribu tena na tena ulikuwa wa Abdurahmani. Moshi wa tanuri la mkaa tunaupitisha kwenye maji ya magadi, na magadi yanameza hewa ukaa. Maji hayo tunayatia mtungini pamoja na unga wa chuma unaodondoka kwenye grenda. Tunafunga, tunachochea moto wa kuni ngumu, na maji, kwa kuwa hayana pa kutokea, yanapata joto ambalo sufuria haijawahi kuliona. Humo ndani chuma kinashika kutu upesi sana. Kinanyakua oksijeni ya maji, haidrojeni inabaki haina mwenyewe, inaungana na hewa ukaa. Mtungi ukipoa tunafungua, tunatia maji ya betri kidogo, na tunapata asidi ya fomiki, ileile wanayokurushia majimoto, wale chungu wekundu, ukitikisa mkorosho wao.

Kule Salale, Bi Mwatumu na wenzake wanapika kamba kwa ajili ya kuuza. Vichwa na maganda huoza kwa siku moja, yanatupwa mkondoni, harufu haivumiliki. Yakitiwa asidi hii hayaozi, yanasagwa, yanakuwa chakula cha kuku. Asidi ya Dar haiwafikii mvua zikianza. Yetu ilikuwa inawafikia.

Abdurahmani alipenda kutamba kwamba tunageuza moshi kuwa mali. Mimi nilikuwa namrekebisha, kama ilivyo kawaida ya walimu. Moshi haugeuki bure, nilimwambia, kila tone la asidi kuna chuma kimeliwa.

Nimemwambia Feisal auwashe.

31 Machi

Kichupa cha kwanza kimepitishwa chini ya pazia. Mizani yangu ni pamanganeti, zile chenga za zambarau za kuoshea vidonda. Asidi ikipashwa moto inaimeza zambarau tone kwa tone mpaka inashiba. Hii ya leo imeshiba mapema. Dhaifu, dhaifu. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi wa jikoni.

2 Aprili

Leo nimecheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Mama alipita karakana kumpelekea Feisal chai, akachungulia ndani ya mtungi. Ulikuwa mweusi tititi. Akamwita mwanawe kwa jina lake lote na la baba yake.

"Chombo gani hiki hakijaoshwa tangu kizaliwe? Mnawapikia watu dawa humu, na masizi haya?"

"Mama, huo huwa unasuuzwa tu."

"Nyumba yangu mie hakurudishwi chombo motoni na masizi. Watu waseme Mwanamkuu kafiwa, na usafi umemfia?"

Akaukokota mtungi hadi kisimani, akachukua mchanga, jivu na makumbi ya nazi, akavua kanga ya juu, akaingiza mkono hadi kwapani. Alisugua tangu adhuhuri mpaka wanaadhini alasiri. Feisal alisimama pembeni kama kuku aliyenyeshewa. Mtungi ulipoinuliwa, ndani uling'aa, ungeweza kujitazamia meno. Marehemu alikuwa anausuuza kwa maji matupu, na mimi siku zote niliona ni uvivu wa kiume.

Nilimwona mama dirishani, amekaa amechoka, uso umetulia. Tangu afiwe hakuwa amefanya kazi akaimaliza.

5 Aprili

Kichupa cha leo kimemeza zambarau maradufu ya kile cha kwanza. Nimerudia kupima, ni kweli. Nimemtumia mama salamu kwa Bi Habiba kwamba usafi wake umezaa matunda, aendelee vivyo hivyo. Bi Habiba anasema mama aliinamisha kichwa kuficha furaha.

6 Aprili

Mvua na upepo. Bati moja la jiko limeng'oka.

9 Aprili

Mama anausugua mtungi kila baada ya mpiko. Amejitengenezea na fimbo, ameifunga makumbi nchani, ili afike hadi kitako. Hataki msaada wa mtu. Anaimba kwa sauti ya chini anaposugua, nyimbo za kumbembelezea mtoto.

13 Aprili

Bi Habiba amekuja na habari za nje. Mto umepanda. Watu wa bondeni Chumbi wamehamia juu barabarani na magodoro yao, mpunga umezama ukiwa umeshatoa mashuke. Nilitaka kumuuliza kuhusu kwetu Umwe, nikaogopa jibu. Mwenyewe akaniambia kwetu wazima, maji hayajafika nyumba.

14 Aprili

Kichupa kikali kuliko vyote tulivyowahi kupata, hata vya enzi ya marehemu. Naandika bila haya kwamba nimefurahi. Nilimwambia Feisal kupitia pazia kwamba kaka yake angemwaga machozi.

"Nyota yako hiyo, shemeji. Ukiwa ndani mambo yanaenda," akasema.

"Nyota gani, na nimekaa gizani?"

Alicheka. Ana kicheko cha Abdurahmani, kinachoanzia puani. Siku za kwanza kilikuwa kinaniumiza, nilitamani anyamaze. Sasa nakisubiri.

17 Aprili

Nguzo za umeme zimeanguka. Giza mji mzima.

18 Aprili

Giza.

20 Aprili

Kichupa kingine, kimekipita hata kile cha tarehe kumi na nne. Bi Mwatumu amempigia Feisal akimwita fundi wa mafundi. Kijana anatembea uani kifua mbele. Mama anamtazama huku anapepeta mchele, na unaona wazi kwamba huyu ndiye anayemfanya aamke asubuhi.

22 Aprili

Leo limenijia swali ambalo lingenijia siku tano zilizopita kama ningekuwa na akili timamu. Umeme hakuna. Grenda haizunguki. Unga wa chuma unatoka wapi?

Nikamuuliza.

"Sijaweka unga, shemeji," akasema, kama mtu anayetoa zawadi. "Uliisha tangu kile cha kumi na nne. Nikajiambia nijaribu maji ya magadi peke yake. Na imetoka zaidi! Nilitaka niwe na uhakika ndipo nikuambie."

Kwa muda mfupi nami nilipandwa na wazimu huohuo. Maji ya moto na hewa ukaa bila chuma! Niliona ninaalikwa kwenye makongamano, na eda yangu na kila kitu. Kisha nikakumbuka nilivyokuwa nikimrekebisha mume wangu, kwamba kila tone kuna chuma kimeliwa. Nimemwomba Feisal aniletee tope la chini la mpiko unaofuata.

23 Aprili

Tope liko mbele yangu kwenye kisosi. Jeusi, zito. Bi Habiba amenivunjia spika ya redio mbovu nikapata sumaku. Niliisogeza, tope lote likasimama wima likaifuata.

Ni kutu ya chuma, nyingi, kwenye mpiko ambao hakuna aliyetia chuma. Chuma kimeliwa, na humo ndani chuma ni kimoja tu. Ni mtungi wenyewe.

Ndipo nikaelewa kazi ya mchanga wa mama. Weusi ule aliouchukia mama haukuwa masizi. Moto uko nje, masizi yangeingiaje ndani ya chombo kilichofungwa kwa boliti? Ulikuwa utando, chuma kikishashika kutu nyeusi ya maji ya moto kinajivika kama ganda, na ganda hilo ndilo lililokuwa linauzuia ukuta usiliwe. Mama amekuwa analibandua kila mara mpaka chuma kinabaki uchi. Kila akisugua, ukuta unaliwa upya, asidi inazidi, na mimi natuma salamu za pongezi. Nilikuwa napima ukuta wa mtungi unavyokwisha nikidhani napima mafanikio.

Ukuta umebaki unene gani, sijui. Mshono wa kitako ndio utakaotangulia. Mtungi ukiwa motoni, Feisal husimama hatua chache tu kutoka hapo, anatazama geji.

24 Aprili

Nimemwambia Feisal yote. Nimemwambia asiuwashe tena hata mara moja, na mama asiusugue.

"Valvu ipo, shemeji. Presha ikizidi inapumua."

"Valvu inapima presha, haipimi ukuta. Ukuta ukiwa mwembamba utapasuka kabla valvu haijajua."

"Nimeugonga kwa nyundo, unalia vizuri."

"Ukate tuuone."

Nilisikia anakuna kidevu. "Ukate mtungi wa kaka?"

"Kaka yako angeukata."

"Shemeji, usinikasirikie. Wewe umekaa peke yako humu, giza, mawazo. Mtu yeyote angeona mabaya." Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Nimewaahidi watu wa Salale mpiko mmoja. Huo tu. Halafu nitautia kitako kipya. Na habari ya kusugua, mwambie mama mwenyewe, mie siwezi kumwambia mama yangu kwamba kosa lake ni usafi."

25 Aprili

Nilimwomba mama aingie. Alikaa mkekani, akanishika goti, akaniuliza kama ninakula. Nikaanza: mama, ule mtungi ni hatari, Feisal asiusogelee, unaweza kupasuka ukamuua.

Aliniziba mdomo kwa kiganja. Kweli, kwa kiganja.

"Usilete uchuro nyumbani kwangu."

"Mama, si uchuro, sikiliza..."

"Nimezika mmoja. Mwanamke aliye edani, nguo nyeupe mwilini, anakaa anamtajia kifo mtoto aliyebaki. Neno hilo usilirudie, Nasra. Malaika wanapita."

Alitoka bila kunitazama. Sikufika kwenye mchanga. Sikufika hata kwenye chuma. Niliudhika naye sana, nikasema moyoni kwamba ni mwanamke mjinga. Jioni kaniletea samaki wa kupaka, kipande cha tumboni, anachojua nakipenda.

26 Aprili

Barabara ya Nyamisati inapitika kwa shida, anasema Bi Habiba. Nimeshukuru. Nadhani hatakwenda.

27 Aprili

Amekwenda. Niliinua uso kutoka kwenye sala ya asubuhi nikatazama dirishani, pale mtungi unapokaa pakawa na duara la majivu makavu na mvua inaanza kuyalowesha. Ameupakia kwenye fuso la magunia hadi Nyamisati, na kutoka hapo kwa boti hadi kwa akina Bi Mwatumu. Kwa kuwa barabara huenda ikafungwa kabla hajamaliza kupika asidi hapa, ameona mtungi uende kwenye vichwa vya kamba.

Na mama aliusugua jana jioni, ili usiende ugenini na uchafu.

28 Aprili

Nimepiga, nimepiga. Hapatikani. Mchana ujumbe mmoja ukaingia: "Tumefika salama shemeji. Mvua haituachi, kuni mbichi. Zikikauka tunawasha. Usiwe na wasi." Nikajibu kwa herufi kubwa asiwashe. Ujumbe haukwenda. Minara ya kule imezimika.

29 Aprili

Nimemuuliza Bi Habiba kama naweza kutoka. Alitafuna karafuu muda mrefu.

"Kwa kuokoa roho, sheria haina kizuizi. Utatoka na utarudi, na mie nitakaa ubavuni kwako njia nzima. Lakini mama mkwe wako sheria yake ni nyingine."

Nikajifunika, nikafungua mlango. Mama alikuwa kwenye kizingiti cha nje, kama aliyetumwa kunisubiri.

"Unakwenda wapi?"

"Salale. Kumzuia Feisal."

"Ukivuka hapa na nguo hizo, eda ya mwanangu umeivunja, na kwangu wewe si mke wa Abdurahmani. Utakuwa mwanamke tu aliyekuwa anakaa hapa."

Bi Habiba akaanza kumweleza habari za dharura. Mama hakumsikia, alikuwa ananitazama mimi, na machoni hakukuwa na ukali. Kulikuwa na woga. Alikuwa anajizuia asiamini nilichosema, na mimi kutoka kwangu kungekuwa ndiko kukiri kwamba ni kweli. Nikashindwa. Nikarudi chumbani nikavua viatu.

Naandika hapa kwamba nilikuwa mlangoni, mchana kweupe, barabara inapitika, nikarudi.

30 Aprili

Tumetoka leo. Mama alikuwa chooni anatawadha, Bi Habiba akanivuta mkono, na jirani yetu Saidy akatuweka kwenye Noah yake. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza tangu katikati ya mwezi, na nililichukia, maana jua linakausha kuni. Njiani magari mawili yamekwama, tukashuka, tukasukuma, Bi Habiba na umri ule na matope hadi magotini akimwomba Mungu amsamehe yeyote aliyejenga barabara ile.

Kabla ya Nyamisati tukakutana na pikapu inakuja kwa kasi, taa zimewashwa. Saidy alipunguza mwendo. Nyuma nilimwona Bi Mwatumu, nilimjua kwa sauti kwani alikuwa anamwambia mtu kwa nguvu asilale, asilale.

Feisal alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba. Sitaandika mwili wake. Uso haukuguswa sana. Nilipanda pikapu, na haya yote ya maharimu na pazia sikuyakumbuka. Alinitazama muda, kama anayetafuta jina.

"Shemeji. Umetoka nje?"

"Nimetoka."

"Mama atagomba."

Akaomba maji. Akauliza kama kamba wa watu wameharibika. Bi Mwatumu akamwambia wazima wote, na aliponigeukia alitikisa kichwa.

Bi Mwatumu aliniambia yaliyotokea, kwa maneno machache, huku anampepea. Moto ulikolea, geji ilikuwa chini ya alama nyekundu, Feisal akainama aongeze kuni. Kitako kikafunguka penye mshono. Maji yakatoka yakiwa mvuke, yote kwa mara moja. Wenzake walikuwa mbali wanamenya kamba. Kipande kilichoruka alikiokota baadaye, akasema ukingo wake ulikuwa mwembamba kama kopo la nyanya.

2 Mei

Feisal amefariki hospitalini. Mama alikuwa amemshika mguu, mahali pekee paliposhikika.

3 Mei

Tumemzika pembeni ya kaka yake. Nasema tumemzika. Mimi nilikuwa chumbani.

6 Mei

Matanga. Wanawake wamejaa uani, na bati ni jembamba, nasikia kila kitu. Kwanza walikuwa wanasema kwa minong'ono, sasa wanasema tu. Kwamba nilimtajia kifo kabla hakijaja. Kwamba nilitoka edani na nguo nyeupe nikaenda nikakutana naye njiani, na aliyekutana na mwenye eda njiani hana maisha. Kwamba waume wa nyumba hii wamekwisha wote wawili na aliyekuja kutoka nje ni mmoja tu.

Bi Habiba ameingia kwa hasira. Yeye nilimweleza kila kitu siku ile ya sumaku.

"Waambie," akasema. "Waambie habari ya mchanga. Au niwaambie mie?"

"Ukisema, sitakusamehe duniani wala ahera."

"Unajua wanakuitaje?"

"Nasikia, Bi Habiba. Nina masikio."

Akakaa, akalia. Sikuwahi kumwona analia, na anasimamia eda za watu tangu mimi sijazaliwa.

Ukweli ni kwamba nimefikiri kuwaambia. Jana nilifikiri hivyo mchana kutwa. Nilipanga hadi maneno. Ningesema kwa utaratibu, kama darasani: utando, ukuta, mshono. Wangeelewa, si wajinga. Na sehemu yangu ningeisema, kwamba mimi ndiye niliyetuma salamu asugue zaidi. Wangegawanya lawama, mimi nusu, mama nusu, na mimi ningetoka hapa mwezi wa saba nikaenda na nusu yangu. Yake angebaki nayo kila anaposhika makumbi.

7 Mei

Mvua.

8 Mei

Mama hali chakula. Halali pia. Usiku mzima anatembea uani, anahamisha vyombo, anavirudisha. Bi Habiba anasema anauliza kila mtu swali moja. Mbona mtungi uliokaa mwaka mzima salama ukapasuka masika hii? Kilibadilika nini? Anauliza wanaume wa karakana za jirani. Mmoja amemjibu kwamba labda chuma kilichoka. Hakuridhika. Si mjinga, neno hilo nililiandika kwa hasira na ninalifuta hapa. Akiendelea kuuliza atafika.

11 Mei

Leo amefika kwangu.

Aliingia bila hodi, akakaa chini kwenye sakafu, mkeka akauacha. Amekonda. Mikono aliiweka mapajani, akaitazama, akanitazama.

"Nasra. Wewe ulijua. Ulisema kabla. Nataka uniambie ulijuaje."

Nikakunja ncha ya mkeka.

"Mwalimu wewe, umesoma. Kuna kitu ulikiona kwenye ule mtungi. Kuna kitu tulikifanya. Mie sina raha, mwanangu, naomba uniambie. Tulifanya nini?"

Alisema tulifanya. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuteremka tena kwenye mikono yake, taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu. Nikaona nikingoja pumzi moja zaidi atakiokota mwenyewe.

"Niliota, mama," nikasema.

Akainua uso. "Uliota?"

"Niliota ndoto mbaya. Nilimwona Feisal na moto. Kwenye mtungi sikuona kitu. Mtungi ulikuwa mzima, ni chuma tu, kilichoka. Niliota, nikaogopa, nikasema."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Niliona usoni mwake kitu kinajifunga, kama mlango mzito unavyojifunga, polepole, kisha unakaa sawasawa mahali pake.

"Ndoto mbaya haisimuliwi," akasema. "Hata mtoto wa madrasa anajua. Unaamka, unatema mate kushoto mara tatu, unamwomba Mungu akulinde, unanyamaza, haidhuru mtu. Wewe uliisimulia. Ukamwambia mwenyewe, ukaniambia na mie. Ukaitoa na nje, ukaipeleka njiani hadi ikamkuta."

"Ndiyo, mama."

"Ungenyamaza, mwanangu angekuwa hai."

"Ndiyo, mama."

Alisimama kwa kushika ukuta. Mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba eda yangu nitaimalizia hapa kwa sababu ni haki ya Abdurahmani, na siku ikitimia nirudi kwetu Umwe, na nisije kumzuru, na siku yake ikifika nisije kumzika.

13 Mei

Bi Habiba amegoma kusema nami jana kutwa. Leo ameniletea uji, akauweka chini kwa kishindo, akasema bila kunitazama kwamba mama amekula wali, na tangu juzi usiku analala.